Mlima Uliochorwa kwa Mbali: Sam Ntiro na Masomo ya Sanaa Ugenini

Tangu vijana wa Afrika ya Mashariki walipoanza kuvuka mipaka ya nchi zao kwenda kusomea uchoraji na uchongaji, swali moja limewafuata kama kivuli: mtu aendaye ugenini kusoma sanaa hurudi na nini? Masomo mengine hayaulizwi swali hili kwa ukali huo. Mganga aliyefundishwa London hurudi na dawa, na dawa iliyomponya mgonjwa wa London yaweza kumponya mgonjwa wa Makambako. Mhandisi hurudi na hesabu za madaraja, na mto hauulizi hesabu hizo zilitoka wapi. Mchoraji hana dawa wala hesabu. Alichokwenda kufundishwa ni namna ya kutazama. Na mtu akibadilishwa namna yake ya kutazama, watu wake wana haki ya kuuliza kama bado anawaona wao, au anaona kitu kingine kilichowekwa machoni pake na wengine.

Makala haya yanakusudia kulipima swali hilo kwa kazi za mtu mmoja, marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993, ambaye alikuwa mwanafunzi mgeni mara mbili: kwanza Makerere, kisha Slade, London. Lakini hukumu juu ya marehemu haina faida kubwa isipomfaa aliye hai. Kwa hiyo nitamweka mbele ya msomaji kijana wa Matamba ambaye leo anatamani shahada ya kwanza ya sanaa, nasi tutamwuliza Ntiro maswali kwa niaba yake.

Matamba iko wilayani Makete, katika Mkoa wa Njombe uliotengwa na Iringa mwaka 2012. Atokaye Chimala kwenda huko hupanda ukuta wa mlima kwa barabara yenye kona 57, na afikapo juu huikuta nchi ya Wawanji: baridi, ukungu, mashamba ya viazi, ngano na pareto, na juu yake uwanda wa Kitulo, ambao kwa ajili ya maua yake ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Upande wa pili wa milima, chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyosifiwa mbali na kwao. Nchi kama hiyo haikosi vitu vya kutazama, wala haikosi mikono ya kuumba. Jumba la picha ndilo lililo mbali, na mwalimu wa kuchora ni adimu. Kijana wa huko atakaye kusoma sanaa hapana budi azishuke kona zile 57. Na akishazishuka, Dar es Salaam na London ni vidato viwili vya ngazi moja ya ugeni.

Watu wamezoea kumpa kijana huyo majibu mawili. Wa kwanza humwambia: nenda, kwa maana huku kuna ufundi wa mikono tu, na sanaa yenyewe iko kwa wenzetu. Wa pili humwambia: usiende, watakuharibu, mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ambaye hakukanyaga chuo cha sanaa, na bado aina ya picha aliyoianzisha Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Wawili hawa hushindana sana, lakini dhana yao ni moja. Wote hudhani ya kuwa nyumbani ni kitu kamili kilichokwisha kufanyika, na ugeni ni kitu kamili cha namna nyingine, na mwanafunzi husafirishwa kati ya viwili hivyo kama mzigo. Kazi za Ntiro zaonyesha ya kuwa sivyo.

Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari wa Mulago, alianza kuwafundisha wanafunzi wachache barazani kwake Kampala. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London; na darasa lile la barazani likakua hata likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Ntiro alifika huko katika miaka ya arobaini. Leo twamhesabu kuwa msomi wa Afrika ya Mashariki, kana kwamba Kampala ilikuwa kwake ua wa pili wa nyumba moja. Kwa Mchagga wa wakati ule haikuwa hivyo. Ilikuwa nchi ya kabaka, yenye lugha asiyoijua na ziwa mahali pa mlima. Hata ndizi, ambazo ni chakula cha Wachagga na Waganda pia, zilipikwa kwa namna nyingine. Ugeni wa Ntiro haukuanzia London. Ulianzia Makerere.

Mafundisho ya Bibi Trowell yalikuwa ya namna ya pekee. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma Slade, kisha akajifunza kazi ya ualimu kwa Marion Richardson, ambaye aliamini ya kuwa mwanafunzi huchora vizuri zaidi akisimuliwa jambo na kuachwa alichore kama lilivyomjia akilini. Trowell aliileta njia hiyo Makerere. Aliwasimulia wanafunzi wake habari, ya Biblia au ya kijijini, kisha akawangoja waitoe picha iliyokuwa ndani yao. Alijizuia kuwapa kanuni za Ulaya za kuonyesha umbali na kivuli, akiogopa ya kuwa kanuni hizo zingekifisha kilicho chao wenyewe.

Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Ntiro alipoichora migomba na vihamba vya Machame, hakuwa akifuata desturi ya Machame. Wazee wake walikuwa na hadithi, nyimbo na ufundi mwingi, lakini hawakuwa na desturi ya kupaka rangi za mafuta juu ya kitambaa kilichowambwa ili kuonyesha watu wakivuna. Kukichora kijiji kwa kumbukumbu lilikuwa somo alilofundishwa: somo la mwalimu Mwingereza, lililotolewa katika mji wa Waganda, kwa mwanafunzi aliyekuwa mbali na kwao. Machame iliyomo katika picha hizo haikubebwa kutoka nyumbani ikiwa tayari. Ilifanyizwa ugenini, kwa sababu ya ugeni. Mtu aishiye chini ya mlima huona mgomba ulio mbele yake na jembe lililo mkononi mwake. Mlima mzima huonekana na aliyeuacha nyuma.

Mwaka 1952 Ntiro aliingia Slade, akakaa huko hata mwaka 1955. Shule hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1871 katika University College London, ilikuwa wakati ule chini ya William Coldstream. Hapana mwalimu ambaye njia yake ingeweza kuwa mbali zaidi na ile ya Makerere. Coldstream alichora kwa kupima. Aliketi mbele ya mtu au kitu, akanyoosha mkono wenye brashi, akalinganisha kwa jicho moja urefu wa pua na upana wa bega, na alama ndogo za vipimo hivyo aliziacha juu ya picha kama fundi aachavyo alama za penseli juu ya ubao. Kwake lililo kweli ni lile lililo mbele ya macho sasa hivi. Kwa Trowell lililo kweli ni lile lililobaki moyoni baada ya macho kufumbwa. Mwanafunzi wa Machame aliwekwa kati ya imani mbili, na zote mbili zilikuwa za watu waliohusiana na shule ileile moja.

Alichagua nini? Picha yake iliyofika mbali zaidi ni ya mwaka 1956, yaani mwaka mmoja tu baada ya kutoka Slade. Jina lake, likitafsiriwa, ni Wanaume Wakipeleka Pombe ya Ndizi kwa Bibi Arusi Usiku. Mwaka 1960 iliingia katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Jina lenyewe ni sentensi nzima, nalo linatuambia mengi. Coldstream angeita picha yake kwa jina la mtu aliyeketi au mahali palipotazamwa. Ntiro anataja tendo, na anayelitenda, na anayetendewa, na wakati wake. Pombe ni mbege, kinywaji ambacho bila hicho shughuli za Wachagga hazitimii; nayo haipelekwi na mtu mmoja, hupelekwa na kundi. Usiku unatajwa kama saa ya desturi kuliko kama tatizo la mwanga. Katika picha za Ntiro kwa ujumla watu ni wadogo na ni wengi, nyuso hazitofautishwi, kivuli ni haba, aliye mbali na aliye karibu wana haki karibu sawa. Uzito wote umewekwa katika kazi ifanywayo pamoja: kukata kuni, kuvuna, kubeba, kujenga.

Juu ya kazi za namna hii kuna hukumu mbili zilizozoeleka. Moja husema ya kuwa miaka mitatu ya Slade ilipotea bure, kwa maana mchoraji alitoka kama alivyoingia, hajui mwili wa mtu unavyosimama wala mwanga unavyoanguka. Nyingine humsifu kwa jambo lilelile: alikwenda Ulaya, Ulaya ikashindwa kumgeuza. Hukumu ya kwanza ni ya mtu anayehesabu elimu kwa vitu vinavyoonekana, kama mnunuzi anayepima viazi kwa gunia. Mwanafunzi aliyeshika brashi miaka mitatu mbele ya watu walioketi kuchorwa, katika shule iliyothamini kipimo kuliko vyote, hawezi kusemwa ya kuwa alichora bila vipimo kwa kutovijua. Aliviona, akaviacha. Kukataa kwa aliyekijua kitu si sawa na kukataa kwa asiyekiona kamwe, kama vile kufunga kwa mwenye chakula si sawa na njaa.

Hukumu ya pili inapendeza zaidi, na kwa hiyo ina hatari zaidi. Yasema ya kuwa Ntiro aliilinda nyumbani dhidi ya ugeni. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa namna yake ya kuiona nyumbani ilikuwa zawadi ya ugeni wa kwanza. Alichokifanya London, kwa maneno ya haki, ni kumwamini mwalimu wake wa kwanza kuliko wa pili. Hilo si aibu; ni uaminifu, na ndani ya uaminifu huo alizifanya picha ambazo hapana mwingine angezifanya. Ila uaminifu kwa mwalimu usichanganywe na uaminifu kwa Machame.

Na tofauti kati ya viwili hivyo ilikuwa na gharama. Maisha ya Ntiro yalipita katika mabadiliko makubwa. Alikuwa Balozi wa Tanganyika mjini London tangu mwaka wa uhuru, 1961, hata 1964. Baadaye aliongoza mambo ya utamaduni na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa ofisi, wa ndege, wa mikutano. Lakini picha ya ujana wake na picha ya utu uzima wake zimefanana kama mapacha. Katika kihamba chake ugomvi wa mipaka ya shamba hausikiki, ijapokuwa ardhi ya Kilimanjaro ni haba na watu ni wengi. Kijana anayefunga mzigo kwenda mjini haonekani. Na mchoraji mwenyewe, msomi aliyerudi na suti, hayumo. Kumbukumbu ina sifa hiyo: huhifadhi, na kitu kilichohifadhiwa hakikui. Mimi nazipenda picha hizi, na katika ule mpango wa watu wengi wadogo naona wazo kubwa juu ya jamii, wazo lililotangulia miaka kumi na zaidi siasa ya kufanya kazi kwa pamoja iliyotangazwa Arusha mwaka 1967. Lakini nasema pia ya kuwa zinatuonyesha Machame inayokumbukwa, na kwa nadra Machame inayoishi.

Si kila mwanafunzi wa njia ile alifikia mahali pale. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alisoma Makerere katika miaka ya hamsini, naye alikuwa Mchagga mgeni Kampala kama Ntiro. Katika miaka ya mwisho ya hamsini alichora katika kanisa la Murang'a, nchini Kenya, picha tano kubwa za ukutani za maisha ya Kristo, kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau. Kristo ni Mwafrika, na nchi anamotembea ni milima ya Wakikuyu. Tazama jambo hili: mtoto wa Kilimanjaro hakuwachorea Wakikuyu migomba ya kwao Marangu. Aliitazama nchi ya wenyeji wake, akaichora hiyo, katika jambo ambalo bado lilikuwa kidonda. Njia ya Trowell imo humo, kwa kuwa habari ya Biblia imechorwa kama ilivyomjia mchoraji akilini. Lakini akili hiyo ilikuwa imefumbua macho mahali iliposimama. Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Nairobi jumba la sanaa la Paa ya Paa, jina ambalo Mswahili hulisikia mara mbili: mnyama paa, na kitendo cha kupaa. Moto uliliunguza mwaka 1997, lakini fundisho lake halikuungua: mwanafunzi mgeni aweza kuufanya ugeni wenyewe kuwa kazi yake, na kujenga mahali pa watu kukutana badala ya kungoja kurudi.

Mfano wa tatu unatoka Sudani, nao ni mchungu. Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, aliingia Slade mwaka 1954, Ntiro akiwa bado huko, akatoka mwaka 1957. Aliporudi Khartoum aliwaonyesha watu wake kazi alizozileta kutoka Uingereza, nao hawakuvutiwa nazo. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, na watazamaji wakaondoka. Hakuwalaumu. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi, akatazama mapambo ya nyumba, mikeka, na zaidi ya yote herufi za Kiarabu alizozijua tangu utotoni chuoni, akazivunja herufi hizo hata zikatoa nyuso za watu na wanyama. Kazi zilizompa jina duniani zilianza hapo. Kwa El-Salahi shahada haikuwa mwisho wa masomo. Masomo ya pili yalianza siku watu wa kwao walipomgeuzia kisogo.

Basi turudi kwa kijana wa Matamba. Hali yake si ya Ntiro. Ntiro alikwenda Slade akiwa amekwisha kusoma Makerere na kufundisha huko. Tanganyika ilipopata uhuru, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu tangu 1963 hata 1970, kiliendelea kuwapeleka Watanzania wa sanaa Makerere. Kijana wa leo aombaye nafasi Uingereza huomba peke yake. Hutakiwa apeleke mkusanyo wa kazi zake, naye pengine hakuwahi kuwa na somo la sanaa shuleni, kwa kuwa shule zinazolifundisha ni chache. Akikubaliwa hutakiwa ada ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Mzazi anayeuza viazi ana haki ya kuuliza fedha hiyo inanunua nini.

Jibu la uaminifu ni hili: hainunui sanaa, hununua umbali. Umbali ni kitu cha thamani, kama tulivyoona; bila huo mlima hauonekani. Lakini umbali una mitego miwili, na kijana huyu atatupiwa yote miwili. Mmoja ni kuambiwa apime kama wapimavyo wenzake hata asahau alikuwa na la kusema. Wa pili ni mwororo zaidi: kuombwa kwa upole awe Mwafrika, alete vinyago, vyungu na maua ya Kitulo, ili darasa lifurahi. Huo wa pili ni mtego wa Trowell uliozeeka. Yeye aliutega kwa upendo, na Ntiro aliugeuza kuwa nyumba nzuri ya kuishi. Si kila mtu atakuwa na kipaji cha kufanya hivyo.

Kinachofaa ni kumpima mwanafunzi kwa jambo moja ambalo wala Coldstream wala Trowell hakulikamilisha: je, aweza kurudi Matamba na kutazama kilichopo? Si ukungu peke yake, bali lori la viazi lililokwama kwenye kona wakati wa masika. Si maua ya Kitulo peke yake, bali mipaka ya hifadhi na watu wanaoishi kando yake. Si chungu cha Kikisi peke yake, bali ndoo ya plastiki iliyosimama karibu nacho. Ajuaye kupima, na ajuaye kukumbuka, na bado aweza kutazama, huyo hakuupoteza muda wake ughaibuni.

Limebaki deni moja, nalo si la mwanafunzi. Ile picha ya mbege inayopelekwa kwa bibi arusi iko New York. Kijana wa Matamba atakayependa kusimama mbele yake, aone kwa macho yake namna Mtanzania wa kwanza wa njia hii alivyoshika brashi, itambidi avuke bahari. Tunawalaumu wanafunzi wetu kwa kujifunza sanaa ugenini, na huku kazi za waliowatangulia tumeziacha zikae ugenini. Njombe ina ofisi, ina shule, ina kumbi. Picha za Watanzania waliosoma nje zikitundikwa humo, hata kwa mwezi mmoja kwa mwaka, mkulima wa pareto ataweza kuzihukumu mwenyewe, kama watu wa Khartoum walivyozihukumu za El-Salahi. Huenda akazikataa. Hata hivyo mchoraji atakuwa amepata mwalimu ambaye Slade haiwezi kumpa.